Jinsi ya kupima kama kikundi chenu cha akina mama kinasaidia

Simu huja mwezi wa kumi na moja. Kikundi kimekutana mwaka mzima, wajawazito na waliojifungua pamoja, kila baada ya wiki mbili chini ya mwembe wa kanisa au kwenye mabenchi ya zahanati. Wanaongea, mmoja analia, mwingine anamshikia mtoto, wanakunywa chai na kwenda zao. Sasa mfadhili anauliza kama kikundi kimesaidia chochote, na ripoti inatakiwa baada ya wiki tatu. "Dada, tuanzie wapi?" Jibu langu halijawahi kumfurahisha mtu: mlipaswa kuanza kabla ya mkutano wa kwanza.

Nimelijibu swali hilo hapa Kisumu, Nyalenda, Seme na Ahero, na hata Kaptembwo kule Nakuru, na maswali yanayolifuata huwa ni yale yale. Basi nimeyaweka pamoja. Nakuandikia wewe mratibu wa kikundi, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, au mhudumu wa afya ya jamii, ambaye siku hizi sote tunamwita CHP, uliyekabidhiwa tathmini bila kufundishwa. Huhitaji digrii ya takwimu. Unahitaji kujua kujumlisha na kugawanya, na uwe na miguu ya kuwatafuta waliopotea.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Ruhusa kwa maandishi kutoka Idara ya Afya ya Kaunti na kwa msimamizi wa kituo chenu. Msaidizi wa chifu na mzee wa mtaa nao wajue, wasije wakasikia kwa majirani kwamba kuna watu wanauliza wake za watu maswali. Kama unakusudia kuchapisha matokeo au kuyasoma kwenye kongamano, hiyo tayari ni utafiti: utahitaji kamati ya maadili (Chuo Kikuu cha Maseno kina yake, na hospitali ya Jaramogi ina yake) pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti. Hayo yahesabu kwa miezi.
- Muuguzi au daktari mmoja aliyekubali, kwa jina lake, kupokea mama yeyote mtakayemtuma siku hiyo hiyo. Namba yake ya simu iwe inapokelewa.
- Wahoji wawili au watatu wasioongoza kikundi.
- Madaftari mawili na kabati yenye kufuli. Daftari la kwanza lina majina na namba za siri. La pili lina namba za siri na alama. Yasilale pamoja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na mimi nimewahi kuona fomu yenye jina kamili la mama ikizunguka kwenye kikundi cha WhatsApp kwa sababu mtu alitaka tu kuonyesha kwamba kazi imefanyika.
- Pesa za nauli ya bodaboda, muda wa maongezi, na kitu cha mtoto kushika wakati mama anajibu.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Kikundi kinatarajia kubadilisha nini, kwa nani, kwa muda gani? Kwa mfano: "Mama anayeingia akiwa amelemewa na mawazo, baada ya miezi mitatu awe na dalili chache kuliko mama kama yeye ambaye hakuwa na kikundi." Kama hamwezi kukubaliana juu ya sentensi hiyo, msinunue hata kalamu.

Ongeza mstari mmoja kuhusu mambo mengine yanayofanyika kikundini. Vikundi vingi huku ni chama pia: kuna kuweka akiba, kuna zamu ya kupokea. Hata Chama cha MamaToto, mpango ulioanzia Busia mwaka 2012, unachanganya mafunzo ya afya na akiba. Hakuna ubaya. Ila mama akipata nafuu mwezi aliopokea zamu yake na kulipa kodi ya nyumba, utasema ni mazungumzo yaliyomsaidia? Andika tarehe za zamu.

Hatua ya 2: Waulize akina mama nafuu inafananaje

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya kuchagua hojaji yoyote, kaa na akina mama kumi au kumi na watano, mmoja mmoja, uulize mambo mawili: "Mama aliyelemewa na mawazo utamjuaje?" na "Akianza kupata nafuu, utaona nini kwanza?"

Neno la vitabuni la kulemewa huko ni sonona, yaani depresheni. Mtaani hutalisikia. Utasikia stresi, mawazo mengi, moyo mzito, na kwa Dholuo *paro mang'eny*. Lakini maneno ya nafuu ndiyo matamu. Mama mmoja wa Manyatta aliniambia: "Utamwona amerudi sokoni Kibuye na omena zake." Mwingine: "Anaitikia salamu." Wa tatu alifikiri sana, akasema, "Anamwogesha mtoto asubuhi, hangoji jioni." Kusuka nywele kulitajwa mara tano.

Chukua matatu au manne yaliyorudiwa zaidi, uyageuze kuwa maswali mafupi ya ndiyo na hapana, uyaongeze mwishoni mwa hojaji. Mfadhili anaweza asiyajali. Akina mama watayajali, na siku ya kuwarudishia matokeo, hayo ndiyo watakayoyaelewa.

Hatua ya 3: Chagua kipimo kimoja

Viwili vinatosha kufikiriwa.

Kipimo cha sonona cha Edinburgh, kinachojulikana kama EPDS, kilichapishwa mwaka 1987 na John Cox, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky kule Uskoti. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 30. Kiliundwa kwa ajili ya mama aliyejifungua, na hutumiwa kwa wajawazito pia.

PHQ-9, hojaji ya sonona kwa mtu yeyote, ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, jumla 27. Imewahi kupimwa usahihi wake huku magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na HIV, na wauguzi wengi wanaijua. Shida yake kwetu ni kwamba inauliza juu ya usingizi, uchovu na hamu ya kula. Muulize mama mwenye mtoto wa wiki tatu kama analala vizuri uone atakavyokutazama. EPDS ilikwepa mtego huo kwa makusudi: swali lake la usingizi linauliza kama huzuni ndiyo inayomnyima usingizi. Kwa vikundi vya wajawazito na waliojifungua mimi huchagua EPDS. Kama kituo chenu tayari kinatumia PHQ-9 na wauguzi wameizoea, baki nayo. Kubadilisha katikati ya kazi ni kuharibu kazi.

*Angalia sana hapa.* Katika EPDS majibu hayahesabiwi kwa mwelekeo mmoja. Swali la 1, la 2 na la 4: jibu lililoandikwa juu kabisa ni 0 na lililo chini kabisa ni 3. Swali la 3, na kuanzia la 5 hadi la 10: jibu lililoandikwa juu kabisa ni 3 na lililo chini kabisa ni 0. Nimepokea madaftari yenye akina mama 60 ambayo yote yalijumlishwa kwa mwelekeo mmoja, na ilitubidi kurudi kwenye fomu moja moja. Fomu ya mhoji iwe na alama za kila jibu pembeni, mama asizione.

Alama 13 au zaidi kwenye EPDS humaanisha huenda mama ana sonona. Wengine hutumia 10 ili wasimkose mtu. Huenda. Hojaji haitoi jina la ugonjwa, na mhoji asimwambie mama "una depresheni" akiwa bado ameshika kalamu.

Hatua ya 4: Tafsiri, kisha ijaribu tafsiri yenyewe

Usitafsiri peke yako usiku. Watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, mkae mlinganishe, kisha mtu wa tatu ambaye hajaiona hojaji ya Kiingereza airudishe kwenye Kiingereza. Mahali aliporudisha kitu tofauti ndipo penye kazi.

Swali la 6 la EPDS ni mfano mzuri. Kiingereza chake kinatumia msemo wa mambo "kumpanda mtu juu". Tafsiri ya kwanza niliyokutana nayo ilisema hivyo hivyo, vitu vimekuwa vikinipanda, na mama wa kwanza kuulizwa alicheka mpaka mtoto akaamka. Alidhani anaulizwa habari za mumewe. Sema "mambo yamekuwa yakinilemea", basi.

Swali la 4 ni gumu zaidi kwa sababu tafsiri yake inaweza kuwa sahihi na bado ikakudanganya. Linauliza kama mama amekuwa na wasiwasi bila sababu ya maana. Mama wa Obunga, kodi ya miezi miwili haijalipwa, maji yameingia nyumbani, akajibu: "Hapana." Nilipomuuliza tena kwa maneno mengine akasema, "Wasiwasi ninao mwingi. Lakini sababu ninazo." Alipata 0 kwa swali ambalo yeye ndiye aliyelifaa. Maana ya swali hatukuibadilisha, kwa kuwa ukibadilisha kipimo huwezi tena kujilinganisha na wengine. Tuliwafundisha wahoji kusoma kwanza "wasiwasi", wanyamaze kidogo, kisha wamalizie: "unaozidi jambo lenyewe".

Jaribu na akina mama wanane hadi kumi ambao hawatakuwa kwenye tathmini. Baada ya kila swali uliza: "Kwa maneno yako, nimekuuliza nini?"

Na kama umechagua PHQ-9, chukua maharagwe 14 kwenye kisahani. Kila harage ni siku. "Sogeza siku ambazo moyo ulikuwa mzito." Mama anasogeza, unahesabu. Maneno "zaidi ya nusu ya siku" huwachanganya watu, maharagwe hayamchanganyi mtu.

Hatua ya 5: Panga usalama kabla hujamuuliza hata mama mmoja

Swali la 10 la EPDS, na la 9 la PHQ-9, yanauliza juu ya mawazo ya kujidhuru au kufa. Utapata "ndiyo". Huenda ukaipata siku ya kwanza, kwa mama wa pili. Kama huna mpango, huna haki ya kuuliza.

Mpango wetu uko kwenye karatasi moja, kila mhoji anayo:

a) Jibu lolote lisilo "kamwe" linamaanisha mhoji anaweka fomu chini. Kumaliza hojaji hakuna haraka tena.

b) Anauliza waziwazi, kwa upole: mawazo hayo yamekuja leo? Umefikiria njia? Kitu hicho kipo nyumbani? Umewahi kujaribu? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Wahoji wapya huogopa hilo sana, kwa hiyo fanyeni mazoezi ninyi kwa ninyi mpaka ulimi uzoee.

c) Kama kuna njia au nia, mama haachwi peke yake. Mhoji anampigia muuguzi wa rufaa, dawa ya panya au ya shamba inaondolewa nyumbani, na wanakwenda pamoja. Hapa Kisumu tunakwenda Jaramogi, ambayo wazee bado wanaiita Russia. Nauli inatoka kwenye bajeti yenu.

d) Mama anayesikia sauti, asiyelala siku kadhaa na wala hajihisi kuchoka, au anayesema mtoto si wake ama ana nguvu za ajabu, hasa katika wiki mbili za kwanza: hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo. Kikundi hakitibu hilo, na maombi yanaweza kuendelea mkiwa njiani.

e) Namba za bure kwenye karatasi: 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa ushauri nasaha, 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa watoto. Zipige wewe mwenyewe kwanza, mchana na usiku, ujue ni nani anayepokea.

Kuna hofu moja ambayo bado naikuta kwa CHP: kwamba mama akikiri kujaribu kujiua atashtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Waambie wahoji wako. Hofu ya polisi imewanyamazisha wengi.

Hatua ya 6: Amua siku za kupima

Usipime ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua. Machozi ya siku hizo huwapata akina mama wengi na hupita yenyewe. Ukiyahesabu kama mwanzo, kikundi chako kitaonekana kinafanya miujiza.

Tumia ratiba ya chanjo, kwa kuwa mama atakuja kliniki hata hivyo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 kwa surua. Mimi hupendelea kipimo cha mwanzo wiki ya 6 na cha pili baada ya miezi mitatu, na kama fedha zipo, cha tatu kwenye miezi 9. Kwa wajawazito, pima siku ya kuandikishwa na urudie kabla hajajifungua. Wasichanganywe na waliojifungua katika jedwali moja, maana kujifungua kwenyewe kunabadilisha mambo mengi.

Kumbuka pia kalenda ya mahali. Januari ni karo. Machi hadi Mei mto Nyando unaweza kufurika na nusu ya akina mama wako wakawa wamelala shuleni. Desemba watu wako ushago.

Hatua ya 7: Tafuta wa kulinganisha nao

Nadharia ni hii tu. Ukiwapima joto watu wote waliofika hospitali leo na homa, wiki ijayo wengi watakuwa wamepoa, hata kama uliwapa maji matupu. Mama naye aliingia kikundini katika wiki yake mbaya. Wiki nzuri ingekuja, kwa wengine, bila kikundi.

Kwa hiyo unahitaji akina mama walio kama wao ambao hawajapata kikundi bado. Njia rahisi ni orodha ya kungoja: walioandikishwa ni 80, nafasi ni 40, mnaokota karatasi kwenye kikapu mbele ya watu wote. Arobaini wanaanza sasa, arobaini wanaanza baada ya miezi mitatu. Kuokota hadharani kumetuepusha na maneno mengi. Njia ya pili ni mtaa wa jirani wenye CHP wake mwenyewe, lakini uwe wa hali moja: usilinganishe Nyalenda na Milimani.

Wanaongoja wapate kila kitu cha Hatua ya 5. Kungoja kikundi hakumaanishi kungoja msaada wa dharura.

Hatua ya 8: Hoji

Anayeendesha kikundi asihoji. Mama atampa alama nzuri kwa heshima, kama vile humwambii mwenyeji wako kwamba mboga imezidi chumvi. CHP wa mtaa wenyewe naye asihoji. Badilishaneni na mtaa wa mbali kidogo.

Nyumba nyingi ni chumba kimoja. Umekaa kwenye kochi, mama yuko kitandani na mtoto, pazia katikati, na mama mkwe anachambua mchele mlangoni akisikiliza kila neno. Nendeni wawili. Mmoja amsalimie mama mkwe vizuri, akae naye nje, amuulize habari za wajukuu; ataongea hadi mmalize. Na muwe na maswali ya akiba kuhusu kunyonyesha: mtu akiingia ghafla, mhoji anageuza ukurasa na kuendelea, "Kwa hiyo Mama Otieno, usiku anaamka mara ngapi kunyonya?" Mwambie mama mapema kwamba mtafanya hivyo. Wengi hutabasamu wakiambiwa, wanajua sababu.

Siku ya kwanza chukua maelezo ya kumtafuta baadaye. Jina la kitambulisho halitakusaidia. Niliwahi kuzunguka Seme asubuhi nzima nikiuliza Beatrice, hakuna aliyemjua. Nilipouliza Nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya, mtoto wa miaka sita alinishika mkono mpaka mlangoni. Andika: anaitwa nani nyumbani, ni mama nani, kwao ni wapi, huenda wapi akijifungua, na simu ni ya nani. Kama simu ni ya mume au ya pamoja, ujumbe wako uwe mkavu: "Habari mama, unakumbushwa kliniki Jumanne." Neno lolote la akili au mawazo lisiwemo.

Mhoji mmoja asizidi akina mama wanne kwa siku.

Hatua ya 9: Kipime kikundi chenyewe

Mikutano mingapi ilipangwa, mingapi ilifanyika, nani alihudhuria, ilidumu dakika ngapi, na mwongozo ulifuatwa au watu waliishia kwenye hesabu za chama? Nendeni mkae kimya nyuma mara mbili au tatu mkiwa na orodha ya kuweka tiki. Nimeona tathmini iliyosema mazungumzo hayasaidii, kumbe kati ya mikutano 12 iliyopangwa ilifanyika 5.

Hatua ya 10: Wafuate waliopotea

Hapa ndipo penye jibu, na hapa ndipo bajeti huisha. Panga pesa hizi tangu mwanzo, zisiguswe.

Mama aliyeacha kuja huenda amepona na kurudi kazini. Huenda amehamia kwa shemeji Awendo. Huenda hana shilingi mia ya chama na anaona haya. Huenda mtu wa kikundi alisema nje yaliyosemwa ndani. Huenda mume alikataa. Hutajua ukiwahesabu tu waliobaki, na waliobaki mara nyingi ndio ambao kikundi kiliwafaa.

Kabla ya kwenda, kila mara, muulize CHP wa mtaa: mama yuko salama? Mtoto yuko salama? Hilo nililijifunza vibaya. Nilimtuma mhoji kwa mama ambaye alikuwa ametupotea wiki saba, akiwa na fomu yenye swali la kwanza "Mtoto ananyonya vizuri?" Walikuwa wamemzika mtoto mwezi uliopita. Mama hakukasirika. Alijibu maswali yote, kwa sauti ya chini, kisha akamsindikiza mhoji hadi barabarani. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo hakuna fomu inayotoka ofisini bila tiki ya CHP pembeni.

Jaribu mara tatu, siku na saa tofauti. Aliyekataa waziwazi, mwache, andika "amekataa".

Hatua ya 11: Hesabu

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mlianza na akina mama 40. Baada ya miezi mitatu mmewapata kikundini 26, na kati yao 18 alama zimeshuka kwa 5 au zaidi. (Kiasi cha "kushuka" kiandikwe kabla ya kuanza, si baada ya kuona matokeo.)

Wengi wangeandika: 18 kwa 26, asilimia 69. Lakini ukigawa kwa wote 40 ulioanza nao ni asilimia 45. Kisha mkatoka kuwatafuta wale 14, mkawapata 9, na wawili tu wamepata nafuu. Sasa ni 20 kwa 35, asilimia 57.

Upande wa wanaongoja, uliowatafuta kwa bidii ile ile, umewapata 34 na 15 wamepata nafuu: asilimia 44. Tofauti ni pointi 13. Ulianza ukiwa na 69, umebaki na 13, na hizo 13 ndizo unazoweza kuzitetea mbele ya mtu. Hata hizo, kwa akina mama wachache hivi, zinaweza kuwa bahati. Andika hivyo hivyo, na kama kuna mtu wa takwimu Maseno anayeweza kukusaidia jioni moja, mnunulie samaki.

Mambo yakikwama

*Alama za mwanzo zote ziko chini, hakuna mwenye shida.* Angalia nani alihoji na nani alikuwa akisikiliza. Badilisha mhoji kwa akina mama watano tu uone. Kisha kagua mwelekeo wa alama.

*Alama zimepanda baada ya kikundi.* Usizifiche. Wakati mwingine mama sasa anakuamini na anasema ukweli. Wakati mwingine mafuriko. Tazama waliongoja: kama nao wamepanda, ni msimu. Kama ni wenu tu waliopanda, simamisha na ukae nao uwasikilize.

*Msichana wa miaka 16.* Ndio wanaohitaji kikundi zaidi, lakini ridhaa yao ina masharti yake, na mimba ya umri huo inaweza kugusa Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006. Kamati ya maadili ikuelekeze kwa maandishi kabla hujamwandikisha wa kwanza.

*Mume anataka kuona majibu.* Hapana. Mwonyeshe fomu tupu, aisome yote ikiwa anataka. Mara nyingi akimaliza kuisoma hunyamaza, na mmoja aliwahi kuuliza kama kuna ya wanaume.

*Mama anakataa kwenda hospitali, anauliza nani atalipa.* Swali la haki. Mambo ya bima yamebadilika tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hiyo kabla ya kuanza nenda dirishani kituoni mwenu uulize huduma hii inatozwa kiasi gani na mama anahitaji kuwa amejisajili vipi. Jibu liandikwe kwenye karatasi ya Hatua ya 5.

*Mhoji amelia, hataki kurudi.* Mpe wiki. Kila Ijumaa wahoji wakae saa moja na muuguzi bila fomu mezani. Anayesema hahitaji kikao hicho, mwangalie kwa karibu.

*Mfadhili anataka asilimia moja tu, na anaitaka ile 69.* Mpe jedwali lote: walioanza, waliopatikana, waliotafutwa, waliongoja. Ile 69 iwe safu yake, na pembeni uandike ni ya akina mama 26 kati ya 40. Nakala ya jedwali hilo ibaki kwenye kabati yenu, pamoja na tarehe uliyomtumia.